CG125 ya mzee: usipige kiki kwanza
Ndugu, umesema pikipiki ya mzee, Honda CG125, imelala stoo miaka mingi na unataka kuifufua. Nakusihi, usipige kiki bado. Fungua plagi ya cheche, mimina oili kidogo kwenye silinda, iache usiku kucha. Kesho yake weka gia ya juu, zungusha tairi la nyuma kwa mkono, taratibu. Pistoni ikitembea, shukuru Mungu, injini haijakwama. Mwaga petroli na oili ya zamani, kagua kutu kwenye tangi, kisha safisha kabureta. Jeti, yaani vipande vyenye matundu madogo ya kupitishia petroli ndani ya kabureta, zipulize kwa upepo tu. Ukichokonoa kwa waya tundu litapanuka. Vipuri vya injini visikutishe, muundo huu wa mwaka 1976 umenakiliwa kwenye pikipiki nyingi za Kichina. Ila tangi na nembo za asili usizitupe kabisa, hata zikiwa zimechakaa.