Re: Nanyonyesha na nimekatazwa maziwa, protini nitoe wapi?

Pole shosti, kama dokta kakukataza maziwa kisa yanamdhuru mtoto unayemnyonyesha usiogope, hapa Tanga protini ipo tele. Nenda soko la samaki la Deep Sea chukua dagaa, wakaange kidogo halafu uwaunge na tui zito, tui la nazi halina shida kabisa, ule wazima wazima maana ile mifupa ndo kalsiamu yenyewe. Anayenyonyesha anahitaji protini kama gramu 65 hadi 70 kwa siku, yai moja lina 6, kikombe cha kunde zilizoiva kama 13, ukiongeza kipande cha samaki mchana na usiku unafika tu. Ila maziwa ya mbuzi usidanganywe mwaya, mtoto anaweza kudhurika vilevile, na maandazi ya kununua uliza kwanza kama yamekandiwa maziwa au siagi.