Mita 60 Kutoka Wapi? Kupima Umbali wa Maumbo katika Hifadhidata ya Ramani

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari, ziwa au ukingo wa mto. Nilipopewa jukumu la kuorodhesha majengo yaliyomo ndani ya kipimo hicho kando ya Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Poligoni za majengo, yaani maumbo yanayochora mipaka ya kila jengo, nilikuwa nazo, mto nilikuwa nao, na zote zilikuwa zimekwisha kupakiwa katika PostGIS, programu ya hifadhidata inayohifadhi na kupima maumbo ya ramani. Kilichobaki, kwa mawazo yangu, kilikuwa kuuliza tu. Kazi ile ilinichukua wiki tatu, na ninaandika haya kwa ajili ya mwenzangu atakayekabidhiwa kazi ya namna hiyo, kwa sababu jengo likiingia katika orodha kama ile, ukuta wake huweza kupigwa alama nyekundu ya X.

Ulizo langu la kwanza lilitumia ST_DWithin, amri inayochagua maumbo yaliyo ndani ya umbali fulani, pamoja na namba 60, na hifadhidata ikanirudishia kila jengo la jiji. Data zangu zilikuwa katika mfumo wa koordineti wa 4326, yaani latitudo na longitudo, na katika mfumo huo namba unayoandika husomwa kuwa nyuzi za pembe, si mita. Nyuzi 60 kwenda kaskazini kutoka Dar es Salaam zinakufikisha kwenye latitudo ya Bremen, Ujerumani. Kosa la namna hii halidhuru, kwa sababu linaonekana mara moja.

Linalodhuru ni lile la pili. Nilisoma mahali kwamba uzi mmoja ni sawa na kilomita 111, nikazidisha matokeo ya ST_Distance, amri inayopima umbali kati ya maumbo mawili, kwa 111,000, na majibu yakaonekana mazuri kabisa. Sisi tunaoishi jirani na ikweta tunadanganyika hapa kuliko watu wengine, kwa kuwa Dar es Salaam uzi wa latitudo na uzi wa longitudo vinakaribiana mno, vyote vikiwa karibu kilomita 110 na nusu. Ukiipeleka hesabu hiyohiyo London, uzi wa longitudo unapungua hadi karibu kilomita 69, na kila umbali wa mashariki na magharibi unaharibika. Hali ni hiyohiyo kwa mfumo wa 3857 unaotumiwa na ramani za mtandaoni: mita 60 za ardhini, ukizipima Dar es Salaam kwa mfumo huo, zinaongezeka kwa chini ya mita moja, ilhali London zinasomeka kuwa mita 96. Njia ambayo usahihi wake unatokana na mahali ulipozaliwa si njia ya kumfundisha kijana anayeanza kazi, kwa maana siku moja ataihamisha.

Kwa kazi ya Dar es Salaam ninashauri uhamishe data zote kwa ST_Transform kwenda mfumo wa 32737, ambao ni ukanda wa 37 kusini wa UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita. Karibu na katikati ya ukanda huo, ambapo jiji lipo, umbali unapungua kwa takriban sentimita 40 katika kila kilomita. Kwa mita 60 ni sentimita mbili na nusu hivi, na hakuna utepe wa kupimia utakaokulaumu. Lakini usiupeleke ukanda huo Mwanza, iliyo katika ukanda wa 36, wala Kigoma, iliyo katika ukanda wa 35. Kazi ikiwa ya nchi nzima, tumia aina ya data inayoitwa geography, ambayo hupima juu ya umbo la dunia lenyewe na kujibu kwa mita popote ulipo. Ni nzito zaidi kwa seva, nami naona uzito huo unastahili.

Kuna jambo moja ambalo lazima nilitilie mkazo kwa yeyote anayechanganya michoro ya zamani ya viwanja na data za GPS. Michoro mingi ya kwetu imo katika mfumo wa Arc 1960, mfumo wa zamani wa upimaji wa Afrika Mashariki, na kati ya mfumo huo na ule wa GPS kuna tofauti ya takriban mita 300 ardhini. PostGIS ikiona namba za mifumo miwili tofauti katika ulizo moja, inakataa kupima, na kukataa huko ni msaada mkubwa. Nilichokifanya mimi, kwa haraka ya kutaka ujumbe wa kosa uondoke, ni kutumia ST_SetSRID, nikaupa mchoro wa Arc 1960 namba ya mfumo mwingine. Amri hiyo hubadilisha lebo tu. Koordineti zinabaki zilezile. Kosa likanyamaza, ulizo likapita, na viwanja vyote vikawa vimesogea umbali unaozidi mara kadhaa kipimo nilichokuwa nikikitafuta. Niligundua nilipoifungua ramani juu ya picha ya setilaiti na kuona kiwanja cha mtu kimekaa katikati ya barabara.

Baada ya vipimo kunyooka, nilikwenda uwandani na utepe ili kuhakiki majengo machache. Katika nyumba mojawapo, mzee mwenye nyumba alikubali kunishikia ncha ya utepe ukutani. Tulipofika chini, akasimama akaniuliza: “Mwanangu, mto wenyewe unauhesabu kuanzia wapi?” Nilimwambia, kuanzia hapa ukingoni, mzee. Kisha nikakumbuka kwamba kompyuta yangu haikuwa imefanya hivyo.

Mto katika data zangu ulikuwa mstari mmoja uliochorwa katikati ya maji, na majengo, ili ulizo liende haraka, nilikuwa nimeyageuza kuwa nukta za vitovu vyao. Kwa nyumba ya mzee huyo, kutoka kitovu hadi mstari, hifadhidata ilisema mita 73. Mto mahali pale una upana wa karibu mita 20, kwa hiyo kutoka kitovu hadi ukingo ni mita 63. Kutoka kitovu cha nyumba hadi ukuta wake wa upande wa mto ni mita 6. Utepe ulituonyesha mita 57. Nyumba moja, namba tatu, na mbili kati ya hizo ziliiweka salama wakati sheria, inayotaja ukingo, haiiweki.

ST_Distance ikipewa maumbo kamili hupima kati ya sehemu zao zilizo karibu zaidi, na maumbo yakigusana au yakiingiliana jibu ni sifuri, hata kama nyumba imeingia mtoni kwa mita tano. Kwa hiyo mpe jengo poligoni yake, na mto uchore upya kwa kingo zake, hata kama itakugharimu siku kadhaa za kukodoa macho kwenye picha za setilaiti. Mimi zilinichukua sita. Kisha tumia ST_ShortestLine, ambayo hukuchorea mstari wenyewe uliopimwa. Tangu siku ile sitoi namba ya umbali bila mstari huo, kwa sababu mtu anayeathirika anaweza kuutazama na kuupinga.

Kuhusu kasi, tumia ST_DWithin badala ya kuandika ST_Distance ndogo kuliko 60, kwani ya kwanza hutumia faharasa ya GiST (orodha ya mahali yalipo maumbo) kuondoa haraka majengo ya mbali, na ya pili hupima kila jengo na kila kipande cha mto. Wapo wanaochora ukanda wa mita 60 kuuzunguka mto kwa ST_Buffer kisha wakaangalia majengo yanayougusa. Siipendi njia hiyo, maana duara la ST_Buffer kwa kawaida ni poligoni yenye pande 32, na katikati ya kila upande mita 60 zinapungukiwa na karibu sentimita 29. Angalia pia maumbo matupu: umbali wake hurudi NULL, yaani bila thamani yoyote, na jengo linatoweka kwenye orodha bila taarifa yoyote.

Jedwali langu la kingo sasa lina safu ya tarehe ya picha ambayo ukingo ulichorwa kutokana nayo. Msimbazi hula ardhi kila masika, na zile mita 57 za mzee, tulizozipima wakati wa kiangazi, ni za ukingo wa siku ile.