Ukikaa kando ya mwanafunzi wa lori, uko kazini

Ndugu zangu madereva wa malori hapa Marekani, tumekuwa wengi, na hakosekani mdogo wetu anayepiga simu kuomba afundishwe. Mfundisheni. Ila kabla hajashika usukani, kaeni mwelewane kuhusu logi, yaani kumbukumbu ya saa za kazi na mapumziko ya dereva. Nimefundisha vijana kadhaa, na shida kubwa haikuwa kurudi nyuma na trela. Ilikuwa saa.

Wengi wetu tumekulia kwenye mazoea ya utingo. Kule nyumbani, njia ya Dar hadi Tunduma au Mombasa hadi Malaba, kijana hujifunzia gari pale dereva anapochoka: mkubwa analala, mdogo anasukuma. Huku mwenye CLP, kibali cha mwanafunzi wa lori, haruhusiwi kufanya hivyo. Sheria ya shirikisho inataka mwenye CDL, leseni kamili ya malori, ya daraja linalohusika awe kiti cha mbele, kando yake, akimsimamia muda wote gari linapotembea. Mkiwa barabara kuu ya I-80 katikati ya Nebraska usiku, kijana atakwambia, "Kaka, kapumzike nyuma, barabara imenyooka." Anasema kwa upendo. Mwambie atafute mahali salama aegeshe, mlale wote wawili. Zipo kampuni chache zilizopewa msamaha maalumu, lakini huo unamhusu aliyekwishafaulu mtihani wa kuendesha na anasubiri kadi yake tu.

Basi logi inaandikwaje? Akiendesha yeye, muda unaingia kwake kama kuendesha. Wewe uliye kando yake unaandika "kazini, bila kuendesha". Usiandike mapumziko, wala kitanda, yaani kulala kwenye kitanda cha ndani ya lori. Kuna walimu wanaojitetea kwa kile kifungu kinachoruhusu hadi saa 3 za kiti cha abiria zisihesabiwe kazi. Kisomeni vizuri: saa hizo lazima zipakane na angalau saa 7 mfululizo za kitandani, na zinamhusu mtu ambaye kweli anapumzika. Anayemwangalia mwanafunzi vioo, breki na kona hapumziki.

Uzuri ni kwamba saa 11 za kuendesha zinazoruhusiwa kabla ya kupumzika ni za kila mtu peke yake, kwa hiyo akiendesha yeye zako hazipungui. Lakini dirisha la saa 14, linalohesabiwa tangu mnapoanza kazi, linawaishia pamoja. Mkianza kukagua gari saa 12 asubuhi, ikifika saa 2 usiku hakuna wa kuendesha hata kama kijana ameendesha saa 4 tu, mpaka mpumzike saa 10 mfululizo. Halafu kuna kikomo cha saa 70 za kazi kwa siku 8. Siku 5 za saa 14 zimezimaliza zote, na hapo mnahitaji saa 34 za kupumzika ili kuanza hesabu upya. Mwambieni mpangaji wa safari mapema kwamba gari la mwanafunzi si gari la madereva wawili wanaopokezana usiku na mchana. Asiwape mzigo wa namna hiyo.

Kwenye ELD, kifaa cha kielektroniki kinachoandika logi, kila mmoja awe na akaunti yake na nywila yake. Mnapobadilishana usukani, badilisheni kwanza kwenye kifaa, ndipo gari litembee, kwa sababu likifikia maili 5 kwa saa kinaanza kuandika kuendesha kwa aliye kwenye nafasi ya dereva. Muda ukiangukia kwa asiyehusika, unaweza kuhamishwa ikiwa wote mlikuwa mmeingia kwenye kifaa kama madereva wenza, wote wawili mkathibitisha, na maelezo yakaandikwa. Kuufuta haiwezekani.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi, nami naliona zito kuliko yote: mwanafunzi wako anafanya kazi wapi kwingine? Vijana wengi wanashika zamu za ghala au kiwanda cha nyama huku wakijifunza. Kazi yoyote ya malipo, hata isiyohusu malori, ni saa za kazini kwenye logi yake. Ndiyo maana kampuni inapomtumia dereva kwa mara ya kwanza inatakiwa kuchukua taarifa yake, yenye sahihi, ya saa alizofanya kazi katika siku 7 zilizotangulia. Kijana aliyetoka zamu ya usiku ghalani akaja kwako alfajiri hajapumzika, hata kama kifaa kinaonyesha amebakiwa na saa 11 nzima. Muulize, na umuulize kwa upole, maana wengi wanaficha kwa kuogopa kukosa nafasi.

Jioni, kabla ya kuthibitisha siku, pitieni logi zenu pamoja. Mkaguzi ataomba ya siku hiyo na siku 7 za nyuma, na kijana aweze kumweleza kwa Kiingereza kila mstari unamaanisha nini. Mfanyishe mazoezi.

Na ofisi ikikwambia uandike kitanda ilhali ulikuwa mbele unafundisha, kama nilivyowahi kuambiwa, kataa kwa ujumbe wa maandishi na uutunze. Kampuni inaweza kupendekeza badiliko kwenye logi, lakini haliingii bila wewe kulikubali. Wakikutisha kwa kukunyima mizigo, hilo ni shurutisho lililokatazwa na sheria tangu 2016, na una siku 90 za kulipeleka FMCSA, mamlaka ya shirikisho ya usalama wa malori.