Mchezaji Ngoma Naye ni Mfanyakazi

Swali la juma hili limeuliza ni haki ipi ya msanii wa Uganda inayopuuzwa kuliko zote. Nadhani wengi watataja hakimiliki, nami sitawabishia, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki (haki za wanaoigiza, kuimba au kurekodi kazi hizo) tunayo tangu mwaka 2006 na bado watunzi wengi hawaonji matunda yake. Lakini mimi ni mchezaji ngoma, na mali niliyo nayo ni magoti.

Runyege, ngoma ya Bunyoro na Tooro huko magharibi mwa Uganda, ilizaliwa juu ya udongo wa uani, ambako mwanamume hufunga njuga miguuni na kukanyaga kwa nguvu mpaka mlio wake uafikiane na ngoma. Sisi tuliicheza juu ya vigae vya ukumbi wa hoteli, maonyesho mawili kwa siku msimu mzima wa Krismasi, mbali na mazoezi ya asubuhi ambayo hayakuwa na malipo. Goti langu la kulia lilipovimba, kiongozi wa kikundi alinishauri nilifunge bendeji na niendelee kutabasamu; mwenye ukumbi naye akasema kwamba alikodi kikundi, hakumwajiri mtu. Matibabu yalilipwa na kaka yangu, na nafasi yangu ilijazwa kabla sijaacha kuchechemea.

Wazee wetu wangenicheka, maana kwao ngoma ilikesha na hakuna aliyedai mapumziko. Ni kweli, ila aliyechoka alitoka duarani akanywa maji, na mwingine akaingia.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka saa 48 za kazi kwa juma kuwa kikomo cha kawaida, pamoja na siku ya kupumzika baada ya siku sita mfululizo, na sheria ya fidia ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri amfidie mfanyakazi aliyeumia kazini. Hata UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, katika pendekezo lake la mwaka 1980 kuhusu hadhi ya msanii, ilihimiza mataifa yampe msanii ulinzi ule ule wanaoupata wafanyakazi wengine. Taabu ni kwamba mchezaji anayeitwa kwa simu mchana na kulipwa mkononi usiku hana karatasi ya kuonyesha mwajiri wake ni nani, na bila karatasi hiyo sheria hizo zote humpita kando. Kujiwekea akiba kwa hiari katika NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni jambo jema, nami nimeanza, ingawa akiba ya uzeeni hailipi daktari wa mifupa mwezi huu.

Kwa hiyo siku hizi kila mwandaaji hunikuta nina ukurasa mmoja unaotaja sakafu, idadi ya maonyesho, muda wa kupumzika na atakayelipa hospitali mtu akiumia. Wawili wameacha kunipigia simu. Wa tatu alilalamika kidogo, akatia saini, na siku ya onyesho nilikuta ametandika mbao juu ya vigae.