Unasoma digrii ya Kiingereza na hela ya vitabu huna? Mimi nilianzia hapa

Mleta mada, umeuliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayechukua Kiingereza aanzie wapi kama hana hela ya vitabu. Mkuu, nilipita humo humo. Semista ya kwanza nilisoma vimuhtasari vya kutoa kopi stesheneri, tamthiliya yenyewe sijaifungua. Kwenye UE (mtihani wa mwisho wa semista) tukaulizwa lugha inavyofanya kazi katika onyesho moja. Mimi nikasimulia kisa kizima mwanzo mwisho. Nikala sapu, yaani mtihani wa kurudia.

Hiyo sapu ndiyo iliyonifundisha kusoma. Nilishusha Julius Caesar, tamthiliya ya Shakespeare, kwenye tovuti ya Folger Shakespeare Library, bure (chukua faili la maandishi matupu, halili bando). Pembeni nikaweka Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Nasoma mistari kumi ya Kiingereza, naandika kwa penseli nilichoelewa, ndipo nachungulia Mwalimu kasemaje. Tulipotofautiana ndipo palipokuwa na somo. Hotuba ya Antony kwenye msiba wa Kaizari nilikaa nayo siku mbili: anarudia kwamba Brutus, mmoja wa waliomuua, ni mtu wa heshima, anarudia tena, mpaka heshima inageuka tusi. Hakuna muhtasari ungenionyesha hilo.

Riwaya za zamani, akina Dickens na Austen, zimejaa Project Gutenberg, tovuti ya vitabu vya bure. Ila Achebe na Ngũgĩ usihangaike kuwatafuta huko, hakimiliki zao bado hai. Nenda maktaba, au kwa wauza vitabu vya mitumba. Makala za uhakiki nilizipata JSTOR, hazina ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma: ukifungua akaunti ya bure unasoma nyingi tu mtandaoni bila kulipa.

Kwa kuandika, Purdue OWL (tovuti ya bure ya mwongozo wa uandishi) inatosha; mambo ya marejeo kwa mtindo wa MLA yote yamo, na mifano. Programu za kusahihisha sarufi nilizitumia nikaziacha. Zinakusafishia kazi, kesho unarudia kosa lile lile.

Kilichonibadilisha ni daftari la shilingi mia tano. Kila usiku nanakili sentensi moja niliyoipenda, kisha natunga yangu kwa umbo lile lile, kuhusu kitu cha kwetu: daladala, foleni ya maji, mama ntilie wa getini. Mwanzoni zilikuwa mbaya mpaka mwenzangu wa chumbani alikuwa anazisoma kwa sauti ili acheke. Karibu na mwezi wa tatu akaanza kuniomba nimpitie insha zake.