Roboti ya sinema kwa shilingi 180,000: ninunue?

SWALI: Nipo Shangani, Mtwara. Muuzaji wa Kariakoo ananiuzia roboti ya Ultron, yule wa filamu ya Avengers: Age of Ultron ya 2015. Ina urefu wa sentimita 15, macho yanawaka, boksi limeshafunguliwa. Anataka 180,000 na ataituma kwa basi. Mimi nataka kuipanga kabatini, ila mwanangu wa miaka sita lazima ataishika. Inafaa kwa bei hiyo?

JIBU: Kwa maelezo hayo tu, usilipe bado ndugu yangu. Kwanza muulize imetengenezwa na nani. Toi za ukubwa huo za mfululizo wa Marvel Legends, zinazotolewa na kampuni ya Hasbro, Marekani huuzwa takribani dola 25 zikiwa mpya. Hata ukiongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, 180,000 ni kubwa, isipokuwa toleo liwe limeacha kutengenezwa na toi iwe kamili. Ikiwa ni ya S.H.Figuarts, mfululizo wa kampuni ya Bandai ya Japani, bei hiyo inazungumzika, maana hizo ni ghali tangu kwao.

Kuna mambo mawili ya kutilia shaka. Kwenye sentimita 15, macho yenye taa si jambo la kawaida. Halafu urefu wenyewe: kipimo cha toi hizi, moja kwa kumi na mbili, humfanya mtu wa mita 1.8 awe sentimita 15, na Ultron kwenye filamu ni mrefu kuliko binadamu. Ukimpanga na wenzake wa kipimo hicho ataonekana mfupi. Hilo peke yake halithibitishi kuwa ni feki, lakini ni sababu nzuri ya kushusha bei. “Made in China” isikutishe, hata orijino nyingi hutoka huko. Tafuta jina la mtengenezaji na mwaka kwenye unyayo au mgongoni, maandishi yakiwa yamechongwa kwenye plastiki yenyewe. Harufu kali ya tina (ya kuyeyushia rangi) na rangi iliyovuka mistari ni dalili mbaya.

Viungio ndivyo vinavyobeba thamani yote. Mwambie muuzaji akupigie simu ya video, siyo picha, akikunja kiungio kimoja kimoja: shingo, mabega, viwiko, nyonga, magoti, vifundo vya miguu. Kisha aisimamishe kwa mguu mmoja. Nyonga ikilegea, roboti itaanguka kabatini kila mlango ukigongwa. Akikwepa kuonyesha vifundo vya miguu, acha biashara. Mwambie pia aonyeshe goti na kiwiko kwa karibu: plastiki iliyogeuka nyeupe penye pini imeshasokotwa kwa nguvu na itakatika.

Kiungio kilichogandwa na rangi usikilazimishe. Toa betri, tumbukiza sehemu hiyo kwa dakika moja hivi kwenye maji ya moto yasiyochemka, kisha kikunje taratibu. Kilicholegea, kichomoe, pakaa tone la gundi nyeupe ya seremala kwenye kichwa cha mviringo cha kiungio, acha ikauke kabisa, ndipo urudishe. Watu hukimbilia supa gluu au rangi ya kucha. Supa gluu huacha ukungu mweupe juu ya rangi na inaweza kufunga kiungio moja kwa moja. Rangi ya kucha ina kimiminika kinachoyeyusha plastiki ya ABS.

Sasa hali ya hewa yetu. Kwenye toi hizi, sehemu laini mara nyingi ni PVC na sehemu ngumu ni ABS. PVC ikikaa kwenye joto hulainika, mguu hupinda kidogo kidogo mpaka roboti inainama. Ikifungiwa kwenye boksi lenye joto, mafuta yaliyochanganywa ndani ya PVC hutoka juu na toi hunata. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Rangi ya kromu inayong'aa ndiyo ya kwanza kubanduka kwa jasho la vidole na upepo wa chumvi, kwa hiyo kwa nyumba iliyo karibu na bahari ningechagua toleo la rangi ya kawaida ya fedha. Usiiweke kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana.

Betri ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ya huyo wa miaka sita. Betri za kitufe mtoto akizimeza zinaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili, hivyo kifuniko lazima kiwe na skrubu. Kikifunguka kwa ukucha tu, usiinunue. Kama taa huzitumii, zitoe betri kabisa. Zikivuja, unyevu huu wa hewa yetu hula shaba ya ndani haraka. Unga mweupe au wa kijani ufute kwa pamba yenye siki kidogo, kisha spiriti.

Ikipita yote hayo na mtengenezaji akijulikana, anza na 90,000. Isiyo na jina la mtengenezaji mimi nisingevuka 30,000, na hiyo mwachie mtoto acheze. Lipa nusu, nyingine ukishaipokea stendi na kuikunja mwenyewe. Asisahau kuifunga ndani ya boksi la pili lenye magazeti: kwenye buti la basi, kutoka Dar mpaka Mtwara, mizigo hupangwa juu ya mizigo.