Vifaranga wanaofia ndani ya ganda

Pole sana dada. Unasema uliweka mayai 60 ya kuku kwenye mashine ya kutotolesha, wakatoka vifaranga 14 tu, na wengi uliowapasulia ganda siku ya 22 walikuwa wamekamilika, ila wamekauka na kugandana na utando. Basi mayai yalikuwa na mbegu, jogoo wako hana kosa. Kwa kiangazi hiki cha Dodoma na upepo wake mkavu, mimi ningeanza na unyevunyevu wa hewa ndani ya mashine.

Siku 18 za kwanza asilimia 50 hadi 55 inatosha. Baada ya hapo acha kugeuza mayai, upandishe hadi 65 au 70. Weka beseni pana la maji ya uvuguvugu, maana kinachoongeza unyevu ni upana wa maji, si kina chake. Halafu usifungue mlango! Najua ukisikia mlio wa kwanza moyo unakutuma uchungulie, lakini hewa kavu ikiingia, utando unakauka na kumbana kifaranga aliyekwisha kutoboa ganda.

Joto liwe nyuzi 37.5 kama mashine ina feni. Hakikisha kwa kipimajoto cha pili. Umeme ukikatika, funika na blanketi bila kuziba matundu ya hewa. Na mayai yaliyokaa zaidi ya siku 7 usiyaweke.